Kindege Kilichovalishwa Lesi

Mtaa mzima ulimwita Injinia, na walivyolivuta jina hilo mdomoni ungedhani wanamtaja mgonjwa. Miaka miwili tangu ahitimu uhandisi wa ndege, ndege pekee aliyokuwa nayo ilikuwa kindege cha povu, lile povu jepesi linalozungushiwa televisheni mpya, chenye uzito wa gramu tisini. Kila Jumamosi asubuhi alikirusha kwa rimoti ndani ya ukumbi wa mtaa. Kikabingirika, kikalala chali hewani, kikaning'inia wima kwenye propela yake kama popo aliyekosea upande. Watu walikubaliana kwamba hiyo ndiyo faida ya elimu.

Msimamizi wa ukumbi akapeleka mashtaka kwenye kamati ya mtaa, ilipokaa humohumo ukumbini. Kidude kile, alisema, kitavunja vioo na kumkata mtu kichwa. Aliyasema hayo huku mpira wa vikapu ukigonga vioo hivyo hivyo nyuma yake. Mwenyekiti, mzee aliyeheshimika kwa kutowahi kuamua jambo lolote, akaahidi kuja kujionea. Akiridhika, Injinia angebaki na saa yake moja ya kila Jumamosi; asiporidhika, akarushie nje, ambako hata kikohozi cha jirani kingekipeperusha.

Ijumaa Injinia alipopeleka betri kuchajiwa kwa fundi simu, kindege kilibaki mezani na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea. Kikamtia huruma. Cheupe pe, kitupu, na kesho kinakwenda mbele ya wakubwa.

Kesho yake Injinia alifungua boksi la kindege akiwa tayari ukumbini. Lesi, kuanzia mabawani hadi mkiani. Vifungo viwili vya lulu. Mizani yake ndogo ikasoma gramu mia na thelathini.

"Shangazi."

"Usinishukuru, mwanangu. Masalio tu ya gauni la bibi harusi."

"Kinatakiwa kiwe chepesi."

"Kwani nimekishonea koti?"

Kwa miaka miwili shangazi hakuwahi kukanyaga pale. Leo alivaa viatu vyake vya heshima na kukaa safu ya mbele, karibu na mwenyekiti. Injinia alishika uzi wa kwanza, akamtazama, akauachia. Chuo kilimfundisha mengi, lakini si kumvua mtoto nguo mbele ya aliyemshonea.

Propela ikalia. Kindege kikainua pua, kikasimama wima hewani, lesi ikafunguka chini yake, kikabaki hapohapo bila kupanda. Injinia aliipa mota nguvu zote. Kikatetemeka kidogo kwa adabu. Kisha kikaanza kuelea kuelekea safu ya mbele, polepole, kama bibi harusi anayetafuta kiti. Injinia akazima mota. Mkia ukatua juu ya upara wa mwenyekiti.

Mwenyekiti, aliyekuwa amesinzia tangu msimamizi aanze hotuba ya kumkaribisha, alipunga mkono kama anayefukuza nzi, akaendelea kusinzia.

"Baba," shangazi akamwambia msimamizi, "hebu nihesabie vizuri. Mimi naona kichwa bado kipo."

Kicheko ndicho kilichomwamsha mzee.

"Tumeanza?"

"Tumemaliza, mzee," shangazi akamjibu.

"Na hicho kinachokata vichwa kiko wapi?"

"Umekivaa."

Akakishusha, akakipima kiganjani, akamgeukia msimamizi. Ndipo akatoa uamuzi wa kwanza wa maisha yake. "Saa yake ibaki. Huo mpira wa vikapu ndio uchunguzwe."

Walipokaribia nyumbani, shangazi alisimama njiani.

"Nguo ndiyo iliyokizuia kupanda."

"Kidogo tu, shangazi."

"Usinidanganye. Uso wako naujua tangu unanyonya."

Jioni aliazima ile mizani. Miaka thelathini alipima nguo kwa futi; sasa aliweka kipande cha lesi, akapunguza kwa mkasi, akaweka tena.

"Gramu mbili. Kinaweza?"

"Kinaweza."

"Na vifungo?"

"Vifungo hapana, shangazi."

"Kimoja."

Injinia akafungua daftari, akaanza kutafuta ni wapi kwenye kindege panapoweza kupunguzwa uzito wa kifungo kimoja.