Mama Anamtaka Dereva

Mama yangu alimkataa mchumba wangu kwa kosa la mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mnacheka? Chekeni tu, hayajawakuta.

Kazi yangu ni kutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za mapenzi za watu wa mbali. Tunakaa wawili katika chumba chenye magodoro ukutani, na nyuma ya kioo yuko fundi mitambo anayetafuna karanga. Mimi ndiye wanawake wote. Mwenzangu, tunayemwita Koo, ndiye wanaume wote, maana bosi wetu ni mkono wa birika. Koo anaweza kuwa tajiri, dereva na babu katika ugomvi mmoja, wala hapumziki hata kunywa maji.

Mwaka jana tulifanya ile ya tajiri anayejifanya dereva ili apendwe bila mali zake. Msichana anamwambia, "Nakupenda hivyo hivyo ulivyo," na hata jina lake la kweli halijui! Nilipolisema neno hilo, Koo hakusoma karatasi yake. Alinigeukia, akasema kwa sauti ya dereva kwamba ananipenda mimi na anataka kunioa.

Fundi akagonga kioo. "Midomo haiendi sawa! Rudieni!"

Tukarudia. Aliniposa mara nne. Mara ya nne nikakubali, fundi akasema, "Safi, hiyo imekaa."

Basi filamu ilipotoka, Jumapili moja mchana Koo akaja nyumbani, shati limenyooshwa mpaka linang'aa. Mama alikuwa sebuleni na kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa anasinzia kwenye kochi. Filamu ile Mama ameiona mara kumi na moja.

"Shikamoo, Mama," Koo akasema mlangoni, kwa sauti ya yule tajiri.

Mama akaweka kikombe chini. "Wewe! Si ndiye wewe yule mwongo? Umemzuga mtoto wa watu mwezi mzima, ati huna hata baiskeli!"

"Mama, mimi si tajiri. Nimekuja kwa miguu."

"Ndivyo ulivyomwambia na yeye!"

Koo akababaika, na akibabaika huwa anakimbilia kwa babu. "Tulieni, wanangu," akasema kwa sauti nzito ya kizee.

Mjomba akaamka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Koo akaitikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Na babu yake kamleta!" Mama akapiga makofi. "Haya, Kaka, niambie. Yule msichana alisema anampenda nani? Dereva. Dereva yuko wapi? Hayupo. Sasa neno lake limeenda wapi?"

"Ni la aliyelisikia," Mjomba akasema.

"Kwa hiyo tarishi akifungua barua yako, naye ajipatie mke? Toka hapa! Mimi namtaka dereva. Dereva nitampa mwanangu leo leo, na baraka juu. Huyu simpi."

Nilifungua mdomo nimtetee Koo, nikakwama. Aliniposa kwa sauti ya nani? Ya dereva. Asubuhi hunisalimia kama tajiri, chai huniomba kama babu. Miaka miwili! Najua anavyovuta pumzi kabla ya sauti ya kila mwanamume, lakini yeye mwenyewe sijawahi kumsikia. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika.

"Koo," nikamwambia, "sauti yako iko wapi?"

Akamtazama Mama, akanitazama mimi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Mwishowe ikatoka sauti nyembamba, kavu, inayokatikakatika, ambayo hakuna filamu ingeichukua hata kwa mpita njia.

"Hii... hii sijaandikiwa," akasema. "Siku zile ulipougua mafua, bosi alitaka kuleta msichana mwingine. Nikajifanya sauti yangu imepotea. Siku nne sikusema neno, hata dukani naonyesha kwa kidole. Nilitaka wakusubiri wewe. Bila wewe mle ndani mimi... sijui naongea na nani."

Mjomba alikuwa ameshalala tena.

"Kwa hiyo ulidanganya tena," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

Mama akamkagua kutoka viatu mpaka nywele, pole pole, kama anayetafuta doa kwenye kanga mpya.

"Huyu simjui," akasema. "Mleteeni kiti."

Nilimsogezea cha kwangu. Nilitaka kumjibu Koo pale pale. Nikasema, "Nakupenda," ikatoka laini, imenyooka, sauti ya yule msichana wa filamu.

Mama akanikata jicho.

Nikakohoa, nikaanza upya.