Koti Nyuma ya Mlango

Koti la marehemu mke wangu lilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi, na pindo la mkono wake wa kulia lilikuwa jeupe kwa chaki.

"Jana jioni nililipangusa," alisema Gaudiose, mwalimu mkuu mpya. "Na juzi pia. Asubuhi nalikuta hivi hivi. Eish, Papa Placide, lichukue, nakuomba."

Nilikuwa nimekuja na moyo wa kumchukia. Marcelline aliiongoza shule hii ya watoto wa wageni, hapa Soweto, hadi mwaka jana, 2016. Kabla yake alikuwepo mwanamume. Huyo, wakubwa wa bodi ya shule walimpa naibu na katibu. Mke wangu walimpa ufunguo wa vyoo. Akafundisha, akapika uji, akapokea simu zao hata kanisani, mpaka akaanguka kwenye mstari wa asubuhi, watoto wakimtazama. Wakubwa wakaleta shada na hotuba. Mimi sikusoma sana, lakini najua mtu anavyouawa bila kuguswa. Ni Marcelline peke yake aliyeniita Baba Shekinah, kwa jina la mtoto tuliyemzika kwetu Bukavu. Mji huu wote haulijui jina hilo.

"Na wewe wamekupa naibu?" nilimuuliza Gaudiose.

Akacheka bila furaha. "Wamenipa ufunguo wa vyoo."

Chuki ikaniishia pale pale. Nilitazama sweta yake iliyochakaa viwiko, na baridi ya Julai ilivyopenya dirishani. Kwetu nguo ya marehemu huvaliwa na ndugu yake baada ya matanga, isibaki ikitafuta mwili. Marcelline hakuwa na ndugu mji huu.

"Livae wewe," nilisema. "Litatulia."

Mimi ni fundi cherehani. Koti hilo nililishona mwenyewe. Marcelline alikuwa mrefu, Gaudiose ni mfupi, basi nikapunguza mikono, nikabana kiuno. Kila nilipolikung'uta, chaki ilimwagika kama unga usiokwisha guniani.

Jumatatu nilisimama getini kuona kazi yangu. Watoto walikuwa kwenye mistari, wakipiga soga kwa Kizulu na Kiingereza. Kiswahili hawakitaki, wanasema ni cha wazee. Hata Marcelline alipowasalimu kwa Kiswahili kila asubuhi, "Mmelala salama?", walimgunia tu. Gaudiose akatokea amevaa koti. Soga zikakatika.

"Tumelala salama, mama," waliitikia wote, kwa sauti moja.

Gaudiose alikuwa hajafungua mdomo.

Nilimwendea. Mikono niliyoipunguza ilikuwa imemfunika hadi vidoleni, na mapindo yalikuwa meupe.

"Livue, mwalimu," nilimnong'oneza. "Warudishie wakubwa ufunguo wao, uende zako ungali mzima. Tafadhali."

Alinitazama kwa upole wa mtu aliyechoka muda mrefu.

"Nenda nyumbani, Baba Shekinah," alisema. "Mimi bado nina kazi."