Ziwa Kwenye Fundo la Kanga

Nilimkuta wifi yangu Sperancia kwenye kizingiti cha jiko, tumbo la miezi saba likimlalia mapajani, midomo myeupe pee. Pembeni yake ilikuwa karatasi niliyoanikia udongo wangu, tupu.

"Wifi," nikamwuliza, na sauti ile naisikia hadi leo, "ule udongo uko wapi?"

"Si umeniletea mimi, waitu? Mtamu kuliko wa sokoni!"

Nikaketi chini. Kosa lilikuwa langu. Kuanika udongo mweupe jikoni mwa mjamzito ni kumwachia mbuzi mahindi. Lakini wiki mbili nzima nilikuwa nimezama magotini kwenye tope la bonde letu la Kibingo, nikishindilia bomba mita nne chini, mpaka likatoka na tabaka moja jeupe, nene kama kidole. Bomba la kuazima lilikwisharudi chuoni, na mvua za vuli zilikwishalifunika bonde.

Sikuwa natafuta shahada tu. Baba yangu, Mzee Ndyamukama, alisema maisha yake yote kwamba pale penye mafunjo palikuwa ziwa, na babu zake walivua humo. Watu wakamcheka. Kila walipokusanyika kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakamwita Mtumbwi, naye akajifunza kucheka nao, kwa upande mmoja wa mdomo. Niliuchukia sana upande ule.

Sperancia alipoona machozi yangu, alifungua fundo kwenye pembe ya kanga, akatoa kipande kisichozidi punje ya harage.

"Nilijiwekea cha jioni," akasema kwa aibu.

Kilitosha, tena kilibaki! Nikakiloweka, nikaweka tone kwenye kioo, nikasimamisha hadubini uani. Hayo hapo: magamba ya vijimea vya majini, ya kioo kitupu, yasiyooza hata kwa maelfu ya miaka, ya aina inayoishi ziwani, si kwenye kinamasi.

"Tata, njoo uone ziwa lako."

Baba aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Magamba yalikuwa membamba, yamenenepa katikati, yamechongoka ncha zote mbili.

"Mbona ni mitumbwi!" akasema, akacheka kwa mdomo wote.

Kokuberwa, mtoto aliyekuwa tumboni mwa Sperancia siku ile, sasa ana miaka sita. Akigoma kuoga, babu yake humwuliza inakuwaje mtu aliyemeza ziwa zima aogope beseni moja.