Soksi za Mwalimu Oltea

Mwalimu Oltea aliingia na matope mpaka magotini. Lami ya manispaa ilikomea kwenye nyumba ya mwisho ya wagaje, kama Waroma wa mtaani walivyowaita watu wasio wa kabila lao, kana kwamba katapila lenyewe liliogopa kuambukizwa. Kutoka hapo hadi kwa Zamfira, mtu alitembea kwenye tope.

"Karibu, mwalimu. Pole na njia."

"Usijali, mama. Hata kwa bibi yangu shamba kulikuwa hivihivi."

Zamfira alikuwa amesugua nyumba hadi vidole vikachubuka. Shule ya mjini ilikubali kumpokea binti yake, Patrina, kwa sharti kwamba mwalimu aje kwanza aone mtoto anatoka wapi. Watoto wengine wa mtaa ule walipelekwa shule ya kilimani, ya watoto wenye akili nzito. Wengi walikuwa wazima kabisa, na walitoka huko hawawezi kuandika majina yao. Zamfira alikuwa mmoja wao.

Mwalimu alitoa karatasi laini mkobani, akafuta kiti, ndipo akakaa. Zamfira aliona. Mama mkwe wake, bibi Rafira, aliyekuwa karibu na jiko, aliona pia.

"Kahawa, mwalimu?"

"Nimekunywa nyumbani."

"Basi onja kabichi ya nyama. Imetoka motoni sasa hivi."

"Ah, tumbo langu na mafuta haviivi." Macho yake yalikuwa ukutani, yalikoning'inia mabeseni. "Mabeseni yote hayo! Mnafua kwa biashara?"

"Kila moja na kazi yake," Rafira akajibu. "La nguo za juu si la nguo za chini. Na la vyombo haliguswi na nguo yoyote. Sketi yangu ikilipitia tu, nalitupa."

"Kazi kwelikweli! Mimi nina sinki moja. Humo sahani, humo soksi, humo hata kimbwa changu namwogeshea."

Rafira akamkazia macho. "Mbwa?"

"Ni mdogo tu."

"Na sahani je?"

"Mama," Zamfira akasema haraka, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ngoja nikalete maji, mwalimu ajisafishe miguu."

Akatoka na ndoo kwenda kwenye bomba la mtaa. Aliporudi alimkuta Rafira amesimama kama kigogo, mkono mdomoni. Mwalimu Oltea alikuwa peku. Soksi zake, zile nyembamba zinazopanda hadi kiunoni, alikuwa akizifikicha kwenye beseni la enameli lililokuwa mezani, mlimokuwa vikombe na vijiko vya asubuhi.

"Nimeona maji yapo, nikaona nisiwasubiri," akasema kwa uchangamfu.

Maji yalikuwa ya kahawia. Kikombe cha Patrina kilizama na kuibuka, kikasukumwa na kitambaa kilichotoka mapajani mwa mtu. Zamfira alitaka kukimbilia uani akatapike.

"Zamfira," Rafira akanong'ona. "Sema neno."

Zamfira aliweka ndoo chini taratibu, asije akaimwaga.

"Nyumba yako ni safi," mwalimu akasema. "Nakwambia ukweli, sikutegemea. Basi tutampokea. Kwa kuanzia atakaa dawati la nyuma, peke yake. Unajua wazazi wa wenzake walivyo. Wanaogopa chawa, harufu. Na kila asubuhi tutamwosha mikono kabla hajaingia darasani. Usafi ndio msingi, sivyo?"

Akazikamua soksi juu ya vijiko.

"Asante, mwalimu," Zamfira akasema, na mdomo wake mwenyewe ukamtia kinyaa.

Mgeni alipokwisha kuondoka, Rafira alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akalibeba beseni pamoja na kila kilichokuwamo, akalivurumisha mtaroni nyuma ya nyumba. Alirudi akihema.

"Umemshukuru! Mtu ameloweka kinena chake kwenye kikombe cha mwanao, nawe asante, mwalimu!"

"Ulitaka niseme nini?"

"Toka. Neno moja tu, hata ulimi hauchoki."

"Halafu Patrina aende kilimani?"

"Wangapi wameenda, na wanaishi."

"Mimi nilienda, mama. Mwanao alienda. Patrina alipokuwa na homa nilisimama barabarani na chupa ya dawa, naomba wagaje wanisomee. Mmoja akanisomea huku ameziba pua."

Rafira alikaa, akavua kile kifuko, akakigeuzageuza kana kwamba hajui pa kukitupa.

"Lakini peke yake," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mtoto akae peke yake kama mgonjwa wa ukoma."

Neno hilo halikumtoka Zamfira akilini. Jumatatu alimsuka Patrina mikia miwili, akamvalisha sketi ndefu yenye maua, wakaenda. Mlangoni mwa darasa palikuwa na ndoo, na ufagio wa kudekia ukiwa umeegemezwa juu yake, unachuruzika. Mwalimu Oltea akaionyesha kwa kidole.

"Njoo, binti, tuoshe mikono."

"Ameoga," Zamfira akasema. Akamshika mtoto bega, akampitisha.

Dawati la nyuma lilikuwa karibu na vyoo. Patrina alikaa. Akatazama nafasi tupu pembeni yake, kisha akamtazama mama yake.

"Nitakaa na nani?"

Zamfira akakunja sketi yake, akakaa. Magoti yake hayakuenea chini ya meza, ikambidi ayaweke upande.

"Mama Patrina," mwalimu akasema, "wazazi hubaki nje."

"Niletee mtoto mmoja akae naye, nitatoka."

Mwalimu akatazama safu moja, akatazama nyingine. Msichana wa mbele akavuta mkoba wake karibu. Mwingine akajibana pua, wenzake wakaangua kicheko.

"Siwezi kuwalazimisha," mwalimu akasema. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Basi nami usinilazimishe."

"Utakaa hapo mpaka lini, mama?"

"Mpaka apatikane."

Mwalimu Oltea akasimama kidogo, kisha akageuka, akachukua chaki. Aliandika herufi ya kwanza, ikakaa upande. Akalamba kidole, akaifuta kwa mate, akaanza upya. Kinyaa kilimpanda Zamfira mpaka kooni. Akakimeza, akasogea ili Patrina aone ubao vizuri.