Siku Mwamini Alipofunga Mdomo

Mwamini wa kijiji cha Mtua hajawahi kunyamazishwa na mtu. Marehemu mumewe alijaribu miaka yote ya ndoa, akachoka mwenyewe. Sasa eti binti yake wa kumzaa, Munira, ndiye ampigie simu kutoka Dar es Salaam na kumpa masharti!

"Mama, Jumamosi njoo Ruangwa unione nikicheza baleti kwenye maonyesho ya mavazi ya dada Zuleha. Ila nakuomba, mama yangu, vigelegele hapana. Kupanda jukwaani kunitunza hapana. Kule watu wanakaa kimya wanatazama."

"Hata kigelegele kimoja?"

"Hata kimoja. Niahidi."

Akaahidi, lakini simu ilipokatika roho ilimuuma. Nyie mnajua mambo yetu. Mtoto wa kike akiingia uwanjani kucheza, mama yake hakai. Anainuka, anavua khanga ya mabegani, anamtandikia mwanawe akanyage, watu wote waone kwamba huyu ana kwao. Mama akibaki kitini, basi wana ugomvi, au amemsusa mtoto. Na Ruangwa nzima ingekuwepo pale kushuhudia!

Jumamosi akaondoka na wifi yake Fatu, wamependeza kama wanaenda harusini. Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vyeupe, wageni wananukia manukato, magari yamejaa nje. Zuleha ni mzaliwa wa Ruangwa, ubunifu wake wa mavazi umemfikisha mbali, na safari hii alitaka nguo zake mpya zionekane nyumbani kwanza. Hakutaka wanamitindo wa kutembea tu. Alitaka zichezwe.

Muziki ukaanza, laini, hauna hata ngoma moja. Wachezaji wakatokea, na mbele yao Munira, amevaa gauni la kitambaa chepesi kinachopepea hata mtu akipumua. Akajiinua kwenye ncha za vidole vya miguu, akasimama hivyo hivyo. Mwamini alisahau kupepesa macho. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akijikwaa kila siku kwenye mashina ya mikorosho!

"Wifi," Fatu akanong'ona, "miguuni kavaa au hajavaa?"

"Kavaa. Zile ni soksi ndefu."

"Na yule kijana anayembeba juu juu ni nani yake?"

"Wako kazini, Fatu. Nyamaza."

"Haya, makubwa! Sasa wewe unangoja nini? Inuka ukamtunze mtoto."

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe."

Nyuma yao wanawake wawili walishaanza. Yule si mama yake? Mbona kaganda? Wana neno hao, si bure. Mwamini aliwasikia vizuri sana. Mikono ilimwasha, akaikalia. Kigelegele kikampanda mpaka kooni, akang'ata pindo la khanga na kukirudisha chini. Alijisikia vibaya, tena vibaya kweli, kumwona mwanawe anang'aa vile na yeye amekaa kama mgeni. Lakini ahadi ni ahadi, na mtoto aliomba kwa unyenyekevu.

Muziki ukaisha. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, Fatu naye. Mwamini peke yake alibaki amekaa, maana hakuwa na uhakika kama makofi nayo yamo kwenye katazo.

Munira aliinama kushukuru watu. Alipoinua uso, macho yakatafuta, yakamkuta mama yake kitini. Tabasamu likamwisha. Akashuka ngazi za jukwaa na gauni lake lile lile, akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, umenisusa?"

"Mimi? Wewe si ulinikataza!"

"Nilikukataza tukiwa tunacheza, mama. Tumemaliza. Nimesimama pale nakungoja wewe, unanitazama tu."

"Si ungesema, mtoto wewe!"

Loo! Kigelegele kilichotoka hapo kiliwashtua hata madereva waliosinzia nje. Fatu akadakia, wanawake wa nyuma wakadakia, wale wale wasengenyaji. Mwamini akavua khanga, akaitandika sakafuni. Munira akakaa chini kuvua viatu na zile soksi ili akanyage.

Ndipo Mwamini alipoiona ile miguu. Vidole vimefungwa plasta, kucha mbili nyeusi, visigino vimechubuka. Kigelegele kikamkatikia mdomoni.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Hakuna mtu, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na ulikuwa unacheka vile!"

Mwamini aliokota khanga yake. Akageuka, akainama na kumpa mwanawe mgongo.

"Panda."

"Mama, mimi ni mtu mzima!"

"Panda, nimesema. Leo hukanyagi chini."

Munira akapanda, Fatu akakaza khanga kiunoni kama mbeleko, huku akicheka mpaka machozi. Zuleha alipoona gauni lake la thamani linaburuzwa sakafuni alishika kichwa, kisha naye akapiga kigelegele. Mwamini akaupita ukumbi polepole, mgongo umejaa, na shingoni alisikia uso wa Munira umelowa.

"Nakulemea, mama?"

"Kaa vizuri," alisema Mwamini, akampandisha juu kidogo.