Lodi Gregory Apokea Mahari Akalla

Jumamosi ya mahari ya Orpha, mwezi wa Mei 2011, mama yake Dorothée alikuwa na masufuria mawili makubwa ya sombe, majani ya muhogo, jikoni, na king'ora cha moshi kilikuwa kimeshatolewa betri ili kisije kikawaaibisha mbele ya wakwe. Wanawake wa kwaya walikaanga sambusa huku wakiimba kwa sauti nne. Jirani wa chini aligonga dari mara moja, akachoka, akanyamaza. Nyumba ilikuwa inachemka kwa furaha.

Dorothée alitaka kitu kimoja tu siku hiyo. Alitoka Bukavu na Orpha mgongoni hadi huku kwa Waswidi, mumewe akabaki kule ardhini, na tangu hapo alijiwekea jibu lake: siku wakwe watakapouliza nani amemlea binti huyu, atajibu yeye. Alikuwa amemweleza hivyo Fidèle, mzee wa kanisa, aliyesimamia upande wa bibi harusi.

"Mama Orpha, mwanamke hapokeake mali," Fidèle alimjibu. "Inafaa mwanaume wa ukoo. Hata mmoja."

"Ukoo wote uko kaburini, papa Fidèle. Nilibakia mimi tu."

"Basi tutatafuta."

Akatafuta kweli. Alhamisi, siku mbili kabla ya mahari, alimkuta Lodi Gregory kwenye benchi la stesheni ya Akalla, na nywele zake za bandia na buti zenye matope. Lodi alikuwa mwinyi wa Kiingereza, na alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Treni huishia Akalla, kwa hiyo marehemu wasiojua waendako hushukia hapo, pamoja na walevi. Fidèle alimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Kivu, upande wa Bukavu, humuuliza mgeni: wewe ni mtoto wa nani? Lodi akamtaja baba yake, na baba wa baba yake, na aliyemzaa huyo, akaendelea hivyo hadi treni mbili zikaja na kuondoka. Hakutaja mwanamke hata mmoja. Fidèle alitokwa na machozi ya furaha, akamkokota mgeni hadi kwa Dorothée.

"Papa huyu ana ukoo!" alipaza sauti tangu kwenye lifti.

Kama ukoo wenyewe ulikuwa wa Orpha au si wake, hakuna aliyeuliza. Dorothée alimkaribisha mgeni chai. Lodi alisema Kiingereza cha zamani na kila mtu akamsikia kwa lugha yake, maana wafu hawahitaji mkalimani. Alisimulia nyumba yake, yenye madirisha mengi hata akaajiriwa mtu wa kuyafungua tu. Alikuwa na mabinti wanne na hakuwa na mtoto wa kiume. Alipokufa, nyumba ilikwenda kwa binamu wa mbali ambaye hajawahi hata kufuta miguu mlangoni pale. Mabinti walitokea mlango wa nyuma, kila mmoja na sanduku lake, na mama yao akaenda kuomba chumba kwa padri.

"Ndiyo desturi," alisema Lodi, akaomba sukari.

"Kwetu vilevile," Dorothée alisema. Mashemeji zake, nao sasa marehemu, walichukua nyumba ya Bukavu kabla matanga hayajaisha, na vyungu pia. Akampa sukari.

Jumamosi saa nane wakwe walifika kutoka Skärholmen, upande wa pili wa jiji, wakiimba tangu stesheni, Warundi watupu, kreti za Fanta vichwani. Valéry, bwana harusi, alikuwa anatabasamu mpaka masikio yakasogea. Lodi alikalishwa kwenye kochi kubwa. Wanawake walikuwa jikoni, na Dorothée alikuwa miongoni mwao.

Sixte, msemaji wa wakwe, alisimama akarekebisha tai. Kwa desturi, mali ya mahari haivuki kabla mlezi hajashukuriwa.

"Tumeona ua zuri katika nyumba hii," alisema. "Sasa tunauliza, nani amemlea binti huyu, tumpe asante?"

Macho yote yakamgeukia Lodi. Marehemu hana sababu ya kudanganya.

"Sijui," alisema. "Wangu nilikuwa naletewa baada ya chakula cha jioni, wananisalimu, wanaondolewa. Huyu nimemwona Alhamisi."

"Mumesikia?" Fidèle aliruka juu. "Mutu mukubwa hajisifiake!"

Wakapiga makofi. Ndipo Dorothée akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Nilimubeba mugongoni toka Bukavu. Ni mimi nilimulea!"

"Men det är ju mamma!" Orpha alipiga kelele kwa Kiswidi chake, kisha akarudia kwa Kiswahili. "Ni mama! Munasikia?"

Walisikia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka, na wanaume wakacheka kwa upendo.

"Mama amefurahi sana," Sixte alisema, akaendelea na kazi.

Alikunjua kikwembe, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Hicho hutolewa kwa mama aliyembeba mtoto. Lakini kila kitu hupitia mkononi mwa mkubwa wa ukoo, kwa hiyo Sixte alikitandaza mabegani mwa Lodi. Lodi, ambaye hakuwa amepata joto tangu azikwe, alishukuru na kujifunika vizuri.

Usidhani Dorothée alinuna. Binti yake alikuwa anaolewa na mtu anayempenda. Alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hilo lilimuuma hata akiwa anacheza.

Mwishoni Fidèle alitaka picha ya familia. Alimpa kamera Dorothée, aliyekuwa ameshaweka mwiko chini. Marehemu hawaonekani kwenye picha. Hii imetundikwa Skärholmen, nyumbani kwa Orpha na Valéry: wakwe kulia, Fidèle kushoto, na katikati ya kochi kikwembe cha kijani kimekaa wima bila mtu ndani. Wageni huisogelea, hukitazama kikwembe kile kitupu, wakakubaliana kwamba Orpha amefanana na baba yake, hasa paji la uso. Dorothée huwaletea chai wakiwa wanaitazama.