Naomba Kiti, Kapteni

Marubani wana adabu yao moja ambayo sisi abiria hatuioni. Nyuma ya viti vyao viwili kuna kiti cha tatu, cha kukunja, chembamba na kigumu, na rubani yeyote anayetaka kusafiri, hata wa kampuni nyingine, anaweza kupewa akae hapo. Sharti ni moja: aje mwenyewe mpaka mlangoni, avue kofia, aombe kwa mdomo wake. Hatumwi mtu wala haipigwi simu. Na kapteni wa ndege ndiye mwenye neno la mwisho.

Kapteni tunayemsema hapa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye ulimi mkali na mikono mitulivu. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kiti chake akikagua karatasi ya mafuta, lakini masikio yote yako mlangoni. Alikuwa anamsubiri mdogo wake.

Mdogo wake naye alikuwa rubani, ila wa kampuni pinzani. Nyumbani walimwita Mkia, kwa kuwa utotoni alimfuata dada yake kila alikokwenda, hata chooni akamsubiri nje. Akamfuata mpaka kwenye urubani. Walikosana miezi saba nyuma, marubani wa kampuni ya dada walipogoma siku tisa, na kampuni ya Mkia ikawabeba abiria wao bila haya. Mkia alirusha safari zake kama kawaida. Mgomo ukavunjika, na waliogoma wakapitisha azimio: rubani wa kampuni ile asipewe kiti tena. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Kapteni. Wale wa upande wa pili nao wakajibu vivyo hivyo, ikawa jino kwa jino, na watu wazima wenye mistari ya dhahabu mabegani wakawa wanaachana uwanjani kama watoto waliogombania mpira.

Sasa baba yao alikuwa amelazwa. Mzee alikuwa fundi wa ndege mstaafu, na mapafu yalikuwa yamechoka. Daktari alikuwa amempigia Kapteni alfajiri, akamwambia bila kuzunguka kwamba anayetaka kumkuta mzee akiongea awahi leo. Mzee mwenyewe alikuwa ameshamwambia jana yake kwenye simu, kwa sauti ya kukwaruza: "Mje wote wawili, mwanangu. Mje pamoja. Mkija mmojammoja mtanichosha." Kwenda kwenye mji wa mzee kulikuwa na ndege moja tu kwa siku. Ndiyo hii, na ilikuwa imejaa pomoni. Kilichobaki ni kile kiti.

Alishaamua kumpa. Hili tuliseme mapema, maana wapo watakaomhukumu vibaya. Alishaamua tangu anafunga vifungo vya shati kwamba azimio likae pembeni, na atakayenuna anune. Alichotaka ni kusikia mdogo wake akimwita dada. Miezi saba hakulisikia neno hilo, na lilikuwa limemkaa rohoni.

Mkia akaja. Akasimama mlangoni, kofia mkononi, sare imepigwa pasi, macho chini.

"Samahani, Kapteni," alisema. "Naomba kiti, kama utaridhia."

Kama anaongea na ofisi! Rubani msaidizi, bwana mmoja mwenye upara aliyewajua wote wawili, alikohoa akageukia dirishani.

"Mimi leo macho yananisumbua, Kapteni," alisema taratibu. "Ya nyuma yangu siyaoni kabisa."

Kapteni alikunja karatasi ya mafuta. Hata leo? Baba yuko vile, na bado unaniita Kapteni? Hayo aliyasema moyoni. Mdomo ukatoa mengine.

"Watu wa kampuni yako hatuwapi kiti. Azimio unalijua."

Mkia aliinua macho.

"Nimeelewa, Kapteni. Asante. Safari njema."

Katika adabu yao, hata aliyenyimwa hushukuru. Akaondoka.

Kapteni alidhani atarudi. Alitaka arudi agombe, aseme "dada, una wazimu?" kama zamani, na hapo angemvuta mkono na kumkalisha. Mhudumu akaja kuuliza kama afunge mlango. Akaambiwa asubiri. Akaja tena. Hasira hasara, sote tunaijua, lakini nani huikumbuka methali wakati hasira imemkaba?

"Funga," alisema.

Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yake yalikuja kabla magurudumu hayajakunjwa. Lakini ndege si baiskeli, uigeuze kwa sababu moyo umegeuka. Alirusha ndege saa moja na dakika ishirini, akatua, akaikabidhi kwa kapteni wa zamu ya kurudi.

Wodini alimkuta baba ameegemezwa mito mitatu. Macho ya mzee yaling'aa kumwona, kisha yakapita begani mwake, yakitafuta.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Ndege ilijaa, baba."

"Kujaa?" Mzee alivuta pumzi, akapumzika. "Si kuna kile cha kukunja? Nimevitengeneza miaka thelathini."

"Mkanda wake umeharibika."

Mzee alimtazama. Umdanganye fundi kuhusu mkanda! Lakini hakumsuta.

"Alikuja kuomba?"

"Alikuja."

"Aliomba vizuri?" Mzee alitabasamu kidogo. "Nilimfundisha mimi, jana kwenye simu. Anaogopa, eti dada hatanipokea. Nikamwambia, ukifika mle usimwite dada mbele ya wenzake, watasema anapendelea ndugu. Mwite Kapteni. Cheo amekipata kwa jasho lake, mpe heshima yake."

Kapteni alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Baba, mkanda mzima. Mimi ndiye nimemnyima."

"Najua," mzee alisema. "Basi mpigie, nimsikie."

Akapiga. Haipatikani. Mkia alikuwa ameshapanda basi, safari ya kutwa na kucha, na sehemu kubwa ya njia ile haina mtandao. Akapiga mchana kutwa, huku mzee akiuliza, "Amepokea?" na yeye akijibu, "Bado, baba." Jioni mzee aliacha kuuliza, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, akafariki.

Mkia alifika saa nne, sare imejaa vumbi. Kapteni alimkuta kwenye korido, akamweleza yote akiwa amesimama, mpaka lile la mzee kumfundisha. Mkia hakugomba. Aliomba tu kuonyeshwa kitanda.

Shuka zilikuwa zimeshabadilishwa. Mgonjwa mwingine, mzee wa watu, alikuwa ameketi pale anakunywa uji. Aliweka kikombe chini alipomwona kijana amesimama miguuni pa kitanda.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Umekuja kumwona nani?"

Mkia akamgeukia dada yake, ili yeye ndiye ajibu.